Beseni la Maji ya Moto

Jumanne saa mbili asubuhi, kitu kilimchoma Jeni mkono wa kulia akiwa anaogelea mbele ya kijiji cha Ikombe. Hakukiona. Alichojua ni kwamba kimemchoma, na kwamba mkono ule ndio anaofinyangia vyungu.

Alikuwa ameingia majini kutafuta chungu. Jumamosi iliyopita, wakati wa kupakia mtumbwi wa kwenda sokoni Matema, chungu kimoja kikubwa kiliteleza kikazama hatua kama thelathini kutoka ufukweni. Ziwa la pale ni safi. Ukisimama juu ya jiwe unakiona chungu kule chini, kimelala ubavu, kizima kabisa, na chungu kizima hakiachwi. Kwa hiyo Jumanne ile, alipomaliza kuoga na wenzake, Jeni aliogelea hadi pale. Alizama mara ya kwanza akakigusa. Alizama mara ya pili akaingiza mkono mdomoni mwa chungu ili akikamate shingo. Humo ndani kulikuwa na mpangaji.

Alipoibuka alipiga ukelele uliowafanya wanawake wote waache sabuni. Alirudi ufukweni kwa mkono mmoja. Damu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye jeraha moja katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na nyama ya pembeni ilikuwa imeanza kupauka. Maumivu yalipanda kama moto hadi kwapani.

"Nyoka!" alisema Anyosisye, mke wa jirani, aliyekuwa karibu naye majini. "Nimeuona mkia! Mweusi, unapinda hivi!"

"Nyoka gani anayepanga chumba ndani ya chungu?" mwanamke mwingine akauliza huku akisugua sufuria.

"We cheka tu. Nimeuona mimi kwa macho yangu."

Alichokiona Anyosisye kilikuwa kivuli cha mguu wa Jeni. Lakini alikuwa amekwisha kukisema kwa sauti, mbele za watu, na mtu akishasema hivyo huwa vigumu kwake kurudi nyuma.

Mwanamume aliyekuwa ufukweni asubuhi ile alikuwa mmoja tu, mzee Yotamu, baba mkwe wa Jeni, aliyekaa hatua hamsini hivi akishona nyavu. Aliposikia ukelele aliinuka, akapiga hatua nne za haraka. Kisha akamtambua aliyekuwa analia, mkamwana wake, mwenye khanga moja iliyolowa na kumshika mwilini. Yotamu akageuka. Aliacha nyavu zake palepale mchangani, akapanda njia ya migombani bila kutazama nyuma.

Hakuna aliyemshangaa. Wangemshangaa kama angebaki.

*

Yotamu ni Mnyakyusa wa Mwaya. Alikuja Ikombe kijana kufuata samaki, akamwoa Damari, Mkisi, fundi wa vyungu, akabaki. Alijifunza Kikisi, akala samaki kama Wakisi, lakini desturi moja ya baba zake hakuiacha: mkwe na mkamwana hawatazamani, hawapeani mkono, hawaongei. Jeni alikuwa ameolewa na Ezra, mtoto wa Yotamu, kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo yote Yotamu hakuwahi kukata kona ya nyumba bila kukohoa kwanza. Jeni akisikia kikohozi anaingia ndani, na kama yuko njiani anasimama kando, anageukia migomba, anafunika kichwa mpaka mzee apite.

Watu wa Ikombe walikuwa wanatania. "Mzee Yotamu, hicho kifua kikuu kitakuua," walimwambia. Naye anajibu, "Afadhali nife na kikohozi kuliko kufa na aibu." Alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji mmoja kijana aliwahi kumwambia kwamba desturi ile si ya Biblia. Yotamu akamwuliza, "Na hiyo tai uliyovaa ni ya Biblia?"

Jeni naye hakuwa na kinyongo. Alijua wakamwana wa nyumba nyingine wanaotukanwa na wakwe zao hadharani, wanaohesabiwa hata vipande vya nyama. Yeye hajawahi kusikia neno baya kutoka kwa Yotamu. Hakuwahi kusikia neno lolote.

*

Damari alimpokea mkamwana wake mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini, mikono mikavu na yenye nguvu, na vyungu vyake vilijulikana hadi Kyela mjini. Aliutazama mkono mara moja, akasikia neno nyoka, akaingia ndani ya kibanda cha kazi. Akatoka na donge la udongo wa kufinyangia, ule ulioloweshwa, ukapondwa na kuchujwa mawe.

"Kaa chini, mwanangu. Lete mkono."

"Mama, unawaka. Unawaka mpaka huku."

"Ndiyo maana nimeleta ubaridi. Udongo huu unavuta. Ezra alipoungua kwa uji, ulivuta. Nyigu walipomvamia yule mtoto wa Anyosisye, si ulivuta?"

"Ulivuta," Anyosisye akashuhudia.

Damari alianza kuupaka. Aliupaka kama anavyofinyanga, tabaka kwa tabaka, akilainisha kwa kidole kilicholowa, kutoka ncha za vidole hadi juu ya kifundo. Alipomaliza, mkono wa Jeni ulikuwa kama chungu kidogo cha mviringo, kizuri, kisicho na ufa. Ubaridi ulimtuliza Jeni kwa muda. Alishusha pumzi. Akashukuru, "Ndaga fijo, mama," na Damari akafurahi, kwa sababu kila fundi hufurahi kazi yake ikisifiwa.

"Usiulowanishe," alimwonya. "Uache ukauke wenyewe. Ukikauka, sumu itakuwa imeingia ndani ya udongo, tutaupasua tuutupe ziwani."

Yotamu alikuwa upande wa pili wa nyumba, chini ya ukingo wa paa, akisubiri. Damari alipomfuata alimkuta ameshika kipande cha kijiti, anakivunjavunja.

"Ilikuwaje?"

"Nyoka. Alikuwa anatoa kile chungu cha Jumamosi."

"Aliingiza mkono ndani?"

"Ndiyo."

"Matundu mangapi?"

"Matundu ya nini?"

"Ya meno, mama Ezra. Ni moja au mawili?"

Damari alifikiri. "Jeraha ni moja. Limechanikachanika."

"Na damu nyingi?"

"Nyingi."

"Na maumivu yalianza papo hapo?"

"We baba Ezra, unanihoji kama polisi."

"Basi huyo si nyoka. Ni ngogo." Ngogo ni samaki mwenye sharubu na asiye na magamba. Mchana hujificha kwenye mashimo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na kila mwiba una meno kama msumeno. Yotamu alikuwa amechomwa na ngogo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. "Mwekeeni mkono kwenye maji ya moto. Moto kweli, lakini yasiyombabua. Akae nayo nusu saa, yakipoa muongeze mengine. Na mtazame kama ncha ya mwiba imebaki ndani."

"Umeuona huo mkono?"

"Nitauonaje?"

"Basi. Usiyemwona mgonjwa usitoe dawa. Anyosisye ameuona mkia kwa macho yake. Na mimi nimekwisha kumpaka udongo, maji ya moto yatauyeyusha."

"Utoe huo udongo."

"Niutoe? Miaka arobaini unakula hela ya udongo huu, leo ndio umekuwa uchafu?"

Yotamu alifungua mdomo. Alitaka kusema, twende wote nikauone. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini kwenda kuuona kulimaanisha kuingia ndani ya chumba cha mkamwana, kumshika mkono, kumtazama usoni akilia. Alifunga mdomo. Damari akaona ameshinda, akaenda kazini.

Kazi ilikuwepo nyingi. Doreen, mfanyabiashara wa Mbugani pale Kyela mjini, alikuwa ameagiza vyungu sitini na kutoa shilingi elfu tisini za kuanzia. Alivitaka Jumamosi. Elfu tisini zile zilikwisha kwenye sare za shule na mahindi.

*

Saa tano Yotamu alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aoe. Aliingia jikoni mwa mkewe, akapuliza moto, akachemsha maji. Damari na Anyosisye walikuwa ufukweni wanapanga vyungu juani. Watoto walikuwa shule. Alimimina maji kwenye beseni la plastiki, akaongeza ya baridi kidogo, akatumbukiza kiwiko chake kupima. Akahesabu hadi kumi. Yalikuwa sawasawa: makali, ya kuvumilika.

Alibeba lile beseni kwa mikono miwili, polepole, hadi nyumba ya Ezra. Alikohoa akiwa mbali. Alikohoa tena alipokaribia. Ndani alisikia kitanda kikilia: Jeni alikuwa anajigeuza, anafunika uso. Mlango ulikuwa wazi nusu. Yotamu aliweka beseni kizingitini, akiwa ametazama pembeni, akirudi nyuma kwa nyuma kama mtu anayetoka kwa chifu.

Alisimama. Ilibaki sentensi moja tu. Tumbukiza mkono humu. Maneno matatu. Angeweza kuyasema akiutazama ukuta. Angeweza kuyasema kama anaongea na kuku waliokuwa wanaparua pale mbele. Wakwe wengi hufanya hivyo, huongea na kuku au na mbwa na ujumbe unafika. Yotamu alikuwa akiwacheka wakwe wa namna hiyo. Alikuwa akisema hao ni wanafiki, wanavunja desturi huku wanajifanya wanaishika.

Kwa hiyo hakusema. Alijiambia, mtu amechomwa, ameletewa maji ya moto, atafanya nini nayo kama si kutumbukiza? Akaondoka.

Jeni alisubiri mpaka kikohozi kiende mbali. Akainuka, akaliona beseni, mvuke unapanda. Alijua mama mkwe wake, Damari, huwa anamchemshia maji ya kuoga kila anapoumwa. Alifanya hivyo alipojifungua watoto wote wawili. Akawaza kwamba mama amechemsha, na kwamba mzee alikuwa anapita tu. Bado alikuwa na mchanga wa ziwani kwenye nywele. Alilivuta beseni kwa mkono wa kushoto hadi nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuogea, akaoga. Mkono wa kulia aliuinua juu ya kichwa muda wote, kama alivyoagizwa, usilowe hata tone.

Yotamu, nyuma ya migomba, alisikia maji yakimwagika. Alifurahi. Alikwenda kuzichukua nyavu zake ufukweni akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Damari alipomwuliza kilichomfurahisha alisema hakuna. Hakuwa tayari kumweleza mtu yeyote kwamba amepeleka maji mlangoni kwa mkamwana.

*

Jumatano udongo ulianza kukauka. Jeni alisema unabana. Damari alisema ndiyo dawa inafanya kazi.

"Vidole sivisikii, mama."

"Vimelala. Mtu mwenye sumu lazima alale."

Alhamisi asubuhi homa ilikuja. Mkono juu ya udongo ulikuwa umevimba hadi kiwiko, unang'aa, na mstari mwekundu ulikuwa unapanda kwa ndani. Anyosisye alikuja kusalimia na ndizi, akautazama, akamsalimia Jeni kwa jina la mtoto wake, "Ugonile, mama Winnie," akaweka ndizi chini akaenda zake. Aliporudi kwake hakumwambia mtu kwamba ule mkia hana tena uhakika nao.

Damari alimpigia simu Doreen kuomba wiki moja zaidi.

"Mama, pole," Doreen akasema. "Lakini mimi nina gari la kwenda Mbeya Jumapili. Siwezi kuwaambia watu wa Mbeya kwamba mkamwana ameumwa na nyoka. Kama vyungu hakuna, nirudishie hela yangu."

"Hela tumekula, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Na mimi nakula."

Damari alikaa chini na kufinyanga peke yake mpaka jua linazama. Alitoa vyungu kumi na kimoja. Mgongo ulikataa.

Mchana ule Yotamu alipita kando ya nyumba ya Ezra na harufu ikamfikia. Mvuvi anaijua harufu ya nyama iliyoanza kuharibika, hahitaji kuambiwa. Alisimama. Alisikia Jeni akiongea peke yake ndani, maneno yasiyo na mpangilio. Akatoa simu akampigia mwanawe. Ezra alikuwa Kyela, kwenye ghala la kakao Mbugani, anakobeba magunia kwa kibarua.

"Ezra, rudi nyumbani."

"Mama alisema anaendelea vizuri."

"Mama yako ni fundi wa vyungu. Rudi."

"Tata, wewe umemwona?"

Yotamu alihamishia simu sikio la pili.

"Tata, nauliza kama umeingia ukamwona."

"Unajua siwezi."

"Nakuruhusu mimi mumewe! Ingia sasa hivi, utoe huo udongo, uniambie kuna nini."

"Siyo wewe unayeruhusu, Ezra. Halikuanza na wewe jambo hili."

"Basi litaishia kwa nani?" Ezra alisema, na akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia baba yake simu.

*

Ezra alifika Ijumaa saa sita mchana kwa mtumbwi wa abiria. Hakumsalimia mtu. Aliingia, akamwinua mkewe, akachukua jiwe la kulainishia vyungu akagonga udongo. Damari alimshika mkono.

"Utamwumiza. Subiri niulainishe na maji."

"Niache, mama."

Udongo haukutoka. Ulikuwa umeshikana na ngozi. Ulipasuka kidogo upande wa kidole gumba, na kilichoonekana kupitia ule ufa kilikuwa cheusi. Damari aliketi sakafuni. Yeye, ambaye tangu utoto anajua kwamba udongo ukikauka hunywea, kwamba chungu cha upana wa viganja viwili hutoka juani kikiwa kimepungua upana wa kidole kizima. Yeye ndiye aliyeuzungushia mkono wa mtu na kusema uache ukauke.

"Nilisahau kwamba ndani kuna mkono," alisema.

Lameck, mwenye boti ya injini, alitaka elfu thelathini na tano kwa safari ya peke yao hadi hospitalini. Nyumba nzima ilikuwa na elfu kumi na moja na mia tano.

"Lameck, ni mgonjwa," Ezra alisema.

"Injini haijui mgonjwa, Ezra. Inakunywa petroli tu."

"Zilizobaki nitakutumia kwa simu jioni."

"Ulisema hivyo hivyo Pasaka." Alisema mbele ya watu kumi na zaidi. Kisha akamtazama Jeni aliyekuwa amebebwa kwenye kiti, akaangalia pembeni, akavuta kamba ya injini. "Pandeni. Lakini safari hii nitakuja mpaka kazini kwako."

Yotamu alisimama kwenye mawe, mbali. Mashua ilipoondoka alikohoa, kwa mazoea, na hakuna aliyehitaji kusimama kando.

*

Muuguzi aliyewapokea hospitalini ng'ambo aliitwa Naomi. Aliuloweka mkono kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na kuung'oa udongo kipande kwa kipande, saa nzima. Alikuwa na maswali.

"Nani alikupaka hiki?"

Damari alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mdomoni.

"Ni mimi," alisema Damari.

"Mama, mngeleta hata Jumatano." Muuguzi aliingiza kibanio ndani ya kidonda akatoa kitu, akakiweka kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kipande cha mwiba, kirefu kama ukucha, chenye meno pande zote. "Huyu ni ngogo. Hakuna nyoka hapa. Huko Ikombe si ni kwa wavuvi? Hakuna hata mtu mmoja anayejua ngogo? Maji ya moto saa ile ile yanapunguza sumu yake na maumivu. Kisha unasafisha, unatoa mwiba, unakuja kuchoma sindano ya pepopunda. Basi. Hufungi, hufuniki."

"Baba mkwe wangu ni mvuvi," Jeni alisema kwa shida.

"Alisemaje?"

"Hatuongei."

"Mmegombana?"

"Hapana," Jeni alisema. "Ananiheshimu."

Naomi alimtazama kama anasubiri aendelee. Kisha akarudi kwenye kidonda.

Jumamosi asubuhi daktari alikata kidole gumba. Alieleza kwamba nyama ilikuwa imekufa, na kwamba cha shahada atakipa siku chache aone. Ezra alitia sahihi karatasi. Damari hakuweza kushika kalamu kutia ya ushahidi. Alichovya kidole gumba chake kwenye wino, akakitazama muda mrefu kabla ya kukigandamiza kwenye karatasi.

*

Jumapili, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, kiti cha mzee Yotamu kanisani kilikuwa wazi. Alivuka na Lameck alfajiri, akatembea hadi hospitalini, akasimama nje ya wodi ya wanawake tangu saa mbili hadi saa nne. Naomi alimpita mara tatu.

"Mzee, unamtafuta nani?"

"Jeni. Mke wa Ezra."

"Si aliye kitanda cha nne? Ingia. Saa za kuona wagonjwa zimefika."

"Nitangulie kukohoa," Yotamu alisema.

"Ukohoe? Unaumwa kifua?"

"Hapana."

Aliingia bila kukohoa. Wanawake wa vitanda vya jirani waliona mzee aliyevaa koti la kanisani akipita amekaza macho sakafuni, akihesabu miguu ya vitanda. Kwenye cha nne alisimama. Jeni alipomtambua alivuta shuka kwa mkono wa kushoto akajifunika uso. Ulibaki nje ule wa kulia, juu ya mto, umezungushiwa bandeji, na umbo lake halikuwa la mkono.

Yotamu aliutazama. Mkono ule hakuwahi kuuona ulipokuwa mzima. Alikaa kwenye kigoda, akauelekezea huo mkono maneno yake, kwa kuwa uso ulikuwa umefunikwa.

"Nilijua ni ngogo," alisema. "Nilijua tangu Jumanne. Nilimwambia mama yako. Alipokataa, nilichemsha maji mwenyewe, nikakuletea. Nilipima kwa kiwiko. Nilidhani yamekusaidia. Nilisikia ukiyatumia. Sijui kwa nini hayakufanya kazi. Kwangu yalifanya kazi siku zote."

Shuka likatikisika. Kutoka chini yake ilitoka sauti ambayo Yotamu alikuwa ameisikia miaka tisa ikiimba, ikiita watoto, ikicheka na wenzake, lakini haikuwahi kumwelekea yeye.

"Yale maji nilioga, baba."

Yotamu hakuelewa. Kisha akaelewa. Alikumbuka kumwagika kwa maji, na mluzi wake njiani. Aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. Alitaka kuuliza ulidhani ni ya nani, ulidhani ni ya nini, lakini majibu aliyajua. Hakuna aliyemwambia Jeni.

"Ungesema," Jeni alisema chini ya shuka. "Hata na kuku."

Mgonjwa wa kitanda cha tano, mama mtu mzima wa Mwaya, aligeukia ukuta ili asiwe shahidi.

Yotamu alikaa mpaka kengele ilipolia. Alipoinuka alisema, "Nisamehe, mwanangu," na Jeni akasema, "Ndiyo, baba," kwa sababu hakuna jibu lingine ambalo mkamwana anaruhusiwa. Uso wake hakuufunua.

*

Jumatano daktari alikata nusu ya kidole cha shahada.

Jeni alilala hospitalini siku ishirini na mbili. Matibabu yalikuwa shilingi laki nne na elfu themanini na sita. Chakula chake na cha Damari aliyemuuguza kilikuwa laki moja na elfu kumi. Lameck alilipwa elfu thelathini na tano zake, na Doreen akarudishiwa elfu tisini. Jumla laki saba na elfu ishirini na moja. Yotamu aliuza mtumbwi wake kwa laki nne na nusu, na nyavu mbili kwa laki moja na sitini. Zilizobaki, laki moja na elfu kumi na moja, Ezra alimkopa mwenye ghala, na zinakatwa kila wiki.

Kabla ya Jumanne ile Jeni alikuwa anafinyanga vyungu vinane kwa siku. Mwezi wa tatu baada ya kutoka hospitalini alikaa chini tena na udongo, kwa mkono wa kushoto na vidole vitatu vya kulia, tangu asubuhi hadi jioni. Alipata kimoja. Ukuta wake ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na kilipoingia motoni kilipasuka.